Dozaje ya asidi na besi: hesabu moli kwanza, fomula ifuate (uzi kutoka Bukavu)

Jambo wapendwa. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Bukavu. Uzi huu ni kwa ajili ya vijana wanaojiandaa na egzetati (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) katika sehemu ya kemia-biolojia, na kwa yeyote anayegusa asidi au soda kostiki (NaOH) kwa kazi yake. Tunazungumzia dozaje. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita titresheni, ni kitu kilekile.

Juzi niliandika swali ubaoni. Kabla sijafika nukta ya mwisho, dawati lote la mbele walikuwa wameshaandika CaVa = CbVb (ukolezi mara ujazo wa asidi ni sawa na ukolezi mara ujazo wa besi) na kuizungushia mstatili. Nikamuuliza mmoja wao, "Asidi gani hiyo?" Akatazama daftari, akatazama ubao, akajibu, "Asidi tu, Mwalimu."

Ndilo tatizo lenyewe. Watoto wetu wengi wanafanya hesabu za dozaje miaka miwili mitatu bila kuona hata siku moja rangi ikigeuka mbele ya macho yao. Labo ina kabati tupu, au haipo kabisa. Wanachobaki nacho ni fomula, na fomula hiyo ina sharti ambalo hakuna aliyewaambia. Inaniuma, kwa sababu dozaje ni mojawapo ya majaribio machache ya kemia ambayo hata shule maskini zinaweza kuyafanya na kupata jibu la kweli.

Kwanza tuelewe tunafanya nini. Una kimiminika chenye asidi, hujui ina ukolezi gani, yaani moli ngapi katika lita moja (moli ni fungu la kuhesabia chembe, kama dazani ilivyo kwa mayai). Unayo besi ambayo ukolezi wake unaujua. Unaimimina besi kidogokidogo ndani ya kipimo kamili cha asidi mpaka asidi yote iwe imepata mwenzake. Hapo unasoma ni mililita ngapi zimeingia. Kutokana na mililita hizo unajua moli za besi zilizotumika, na kutokana na moli za besi unajua moli za asidi zilizokuwepo. Kazi yote ni kuhesabu chembe usizoziona kwa kutumia chembe ambazo hesabu yake unayo mkononi.

Sasa fikirieni karakana ya pikipiki pale Kadutu. Fundi ametumia tairi 10 kuvisha pikipiki zote zilizoletwa. Pikipiki zilikuwa ngapi? Hakuna atakayesema 10. Kila mtu anajua pikipiki moja inakula tairi mbili, kwa hiyo zilikuwa 5. Lakini mtoto yuleyule ukimwambia asidi ya salfuriki imekula moli 10 za soda, anaandika asidi ilikuwa moli 10. Hakuuliza pikipiki ina magurudumu mangapi.

HCl + NaOH → NaCl + H₂O
H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Mlinganyo wa kwanza ni moja kwa moja, kwa hiyo CaVa = CbVb inafaa. Wa pili ni moja kwa mbili. Ukitumia fomula ileile utapata jibu mara mbili ya ukweli.

Mfano wenyewe upo kwenye kila karakana. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki iliyopunguzwa kwa maji. Ile mpya ina uzito wa karibu gramu 1,280 kwa lita, na kati ya gramu 100 zake, kama 37 ni asidi. Tuipime. Ni kali mno kuipima ilivyo, kwa hiyo tunachukua mililita 5 tunazitia ndani ya maji, kisha tunajaliza hadi 500. Tumeipunguza mara 100. (Asidi ndiyo inamiminwa ndani ya maji, polepole. Ukimimina maji ndani ya asidi hii joto linapanda ghafla na inaruka usoni. Miwani na glavu, sibembelezi mtu.) Tunachukua mililita 10 za hiyo iliyopunguzwa na kuidozea kwa soda ya 0.100 mol/L. Rangi ya kionyeshi, ile dawa tunayotia matone machache ili ituonyeshe mwisho, inageuka kwenye 9.66 mL.

Moli za soda: 0.100 × 9.66 = milimoli 0.966.
Asidi ni nusu yake: milimoli 0.483.
Zilikuwa ndani ya mL 10, kwa hiyo ukolezi ni 0.0483 mol/L.
Rudisha zile mara 100: 4.83 mol/L.

Aliyekimbilia CaVa = CbVb atapata 9.66 mol/L. Na hapa nataka muwe na mazoea ya kulitazama jibu na kuliuliza kama linawezekana. Moli 9.66 za asidi hii, kwa gramu 98 kila moja, ni gramu 947 ndani ya lita yenye uzito wa gramu 1,280. Hiyo ni asilimia 74. Hakuna betri ya pikipiki yenye kitu kama hicho. Jibu lenyewe linakwambia umekosea, ukilipa nafasi ya kusema.

Kesho nitaandika juu ya vyombo. Ulizeni.

——

Mwanafunzi wa Goma: Aksanti sana Mwalimu. Lakini daftari la kaka yangu lina NaVa = NbVb na mwalimu wao alimwambia inafanya kazi kwa asidi zote, hata salfuriki. Nani yuko sahihi?

——

Mleta uzi: Mdogo wangu, swali zuri. Daftari la kaka yako liko sahihi, na wewe usichanganye herufi.

N ni normaliti. Normaliti haihesabu pikipiki, inahesabu magurudumu. Asidi ya salfuriki yenye 0.05 mol/L ina normaliti 0.10, kwa sababu kila moli inatoa H⁺ mbili. Ile mbili imeshaingizwa ndani ya N kabla hujaanza, ndiyo maana NaVa = NbVb haikosei. Hatari inakuja pale swali linapokupa mol/L na wewe unalitumbukiza kwenye fomula ya N bila kugeuza. Au unapata jibu la N unaliandika kama mol/L. Vitabu vya zamani ambavyo bado tunavyo vimejaa N, maswali mapya yanatumia mol/L, na mtoto anasimama katikati. Ukihesabu moli kwa kufuata mlinganyo, hutahitaji kujua uko upande gani.

——

Mleta uzi (vyombo):

Bureti (mrija mrefu wenye alama na koki chini), pipeti (mrija wa kuchukulia kipimo kamili), na erleni, ile chupa ya umbo la koni. Majina bureti na pipeti aliyaleta Gay-Lussac wa Ufaransa katika andiko lake la mwaka 1824. Kabla yake, mwaka 1791, Descroizilles alishatengeneza bureti ya kwanza, iliyofanana zaidi na silinda ya kupimia kuliko hii yetu. Mwaka 1855 Mjerumani Karl Friedrich Mohr akatoa kitabu chake cha upimaji wa aina hii, na bureti yake ilikuwa na kibanio na ncha chini, karibu sawa na tunayoijua. Na neno titraje, jina jingine la dozaje, linatokana na titre ya Kifaransa, neno lilelile wanalotumia kutaja usafi wa dhahabu. Watu wa Bukavu wataelewa haraka: ni kujua kilichomo kweli ndani ya kitu unachouziwa.

Kwenye vyombo watu wanapoteza alama, na wanapoteza usahihi, kwa sababu ya kuosha. Sikilizeni vizuri.

Bureti unaisuuza kwa maji, halafu unaisuuza tena kwa soda ileile utakayoitia ndani. Kwa nini? Matone ya maji yaliyobaki ukutani yangeipunguza soda, na soda iliyopungua si ile unayoijua tena. Pipeti ni vivyo hivyo, unaisuuza kwa asidi unayokwenda kuipima. Lakini erleni unaisuuza kwa maji tu! Ukiisuuza kwa asidi, umeacha humo moli ambazo hukuzihesabu. Na ikibaki na maji ndani hakuna ubaya wowote. Unaweza hata kuongeza maji mL 20 ili uone rangi vizuri. Maji hayaongezi moli wala hayapunguzi, pikipiki ni zilezile hata ukipanua uwanja. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye shahada, akiikausha erleni juu ya mbabula (jiko la makaa) kwa dakika kumi ili "isiharibu ukolezi". Alikuwa anakausha chombo pekee ambacho hakikuhitaji kukaushwa.

Maji yenyewe yasiwe ya ziwa, nitaeleza baadaye kwa nini. Yale maji safi yanayouzwa kwa kuongezea betri yanafaa, ila soma kibandiko usije ukachukua asidi.

Kabla ya kuanza, fungua koki ya bureti hadi hewa iliyojificha chini ya koki itoke. Kapovu hako kakitoka katikati ya kazi, bureti itaandika soda ambayo haikuingia. Toa faneli juu. Soma jicho likiwa usawa wa kimiminika, chini ya ule mbonyeo.

Halafu mkono. Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha erleni bila kupumzika. Mwanzoni, kama kionyeshi ni fenolftaleini, kila tone likianguka linaacha wingu la waridi ambalo linapotea kabla halijatua. Unakwenda haraka. Kisha wingu linaanza kuchelewa kupotea, linazunguka mara moja, mara mbili, ndiyo linafutika. Hapo unapunguza: tone, zungusha, tone, zungusha. Mwishoni unaacha nusu tone lining'inie kwenye ncha, unaligusisha ukuta wa erleni, unaliosha kwa maji kidogo. Na ghafla kimiminika chote kinakuwa na waridi hafifu, kama maji yaliyooshewa ua moja. Ikidumu nusu dakika, umefika. Ikiwa waridi ni kali ya kupendeza macho, umepitiliza, rudia. Na usishtuke ukirudi baada ya muda ukakuta imefifia: ni kaboni dioksidi ya hewa inaingia na kula ile besi ndogo iliyozidi.

Dozaje ya kwanza ni ya kutafuta njia, usiihesabu. Zinazofuata ndizo unazoandika, mpaka upate tatu ambazo hazipishani zaidi ya 0.1 mL. Wastani ni wa hizo tatu.

——

Mwalimu mwenzetu, Uvira: Sisi hatuna bureti wala fenolftaleini. Tufanye nini, tuendelee kuchora tu ubaoni?

——

Mleta uzi: Hapana ndugu yangu, msichore tu. Famasi zote zinauza sindano za mL 10, na zile ndogo za mL 1 zenye alama ndogondogo. Sindano mbili zinafanya dozaje. Usahihi unashuka, lakini mtoto anaona rangi inageuka na anapata namba yake mwenyewe, na kwangu hiyo inazidi mazoezi ishirini ya ubaoni.

Kionyeshi kipo sokoni: manjano. Chukua kijiko kidogo cha unga wa manjano, koroga ndani ya alkoli ya famasi, acha kitulie, chuja. Matone matatu yanatosha. Kwenye asidi ni njano, kwenye besi inageuka nyekundu ya matofali, na mageuzi hayo yako kati ya pH 7.4 na 8.6 hivi (pH chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi). Kwa asidi ya betri inafaa kabisa, na kwa siki pia.

Nasema "pia" kwa sababu si kila kionyeshi kinafaa kila kazi, na egzetati wanapenda kuliuliza hilo. Siki ni asidi dhaifu. Soda ikishamaliza asidi yote ya asetiki, kinachobaki ndani ya erleni ni asetati, na asetati ni besi ndogo. Kwa hiyo mwisho wa kazi hauko kwenye pH 7, uko karibu 8.7. Fenolftaleini inageuka kati ya 8.2 na 10, inakaa mahali pake. Heliantini, kionyeshi kingine kinachogeuka kati ya 3.1 na 4.4, itakwambia "tayari" wakati sehemu kubwa ya asidi bado imo. Kwa asidi kali na besi kali pH inaruka kwa tone moja kutoka kama 4 hadi kama 10, karibu kionyeshi chochote kitakamata mruko huo.

——

Mfanyakazi wa labo, Lubumbashi: Jambo Mwalimu. Huku kwetu dozaje ni kazi ya kila siku. Tunapima asidi huru ndani ya maji ya kuyeyushia madini ya shaba. Naomba niongeze kitu ambacho sikukisoma masomoni. Kijana akija na fenolftaleini yake kwenye maji yenye shaba anapata namba kubwa kuliko ukweli. Shaba yenyewe inashika soda na kuwa hidroksidi, inaganda kama maziwa ya bluu, kabla waridi haijatokea. Kwa hiyo amehesabu shaba kama asidi. Tunatumia heliantini, tunasimama kwenye pH ya chini kabla shaba haijaanza, na tunapunguza sampuli kwa maji mengi maana rangi ya bluu inaficha mageuzi.

——

Mleta uzi: Ndugu, Mungu akubariki, hilo ni somo zima. Vijana mmesikia: chochote kinachokula soda kitahesabiwa, kiwe asidi au si asidi. Bureti haijui jina la aliyekula.

Sasa niwape kisa chetu wenyewe, maana ndicho kilichonifanya nianze kuandika.

Tulinunua siki butike moja hapa Nyawera. Kibandiko kinasema 6°. Digrii hiyo si ya joto wala ya pombe: ni gramu za asidi ya asetiki katika mL 100. Kwa hiyo 6° ni gramu 60 kwa lita, na kwa kuwa moli moja ni gramu 60.05, siki ya 6° ni karibu mol 1 kwa lita. Namba nzuri ya kukumbuka.

Soda tuliitengeneza wenyewe. Gramu 4.00 za soda kostiki ya dukani, lita moja ya maji. NaOH ni gramu 40 kwa moli, basi tukaandika kwenye chupa 0.100 mol/L, tukajiamini. Siki tukaipunguza mara 10, tukachukua mL 10. Dozaje tatu: 11.80, 11.85, 11.75. Wastani 11.80, vijana wakafurahi kwa jinsi zilivyokaribiana.

0.100 × 11.80 = milimoli 1.18 ndani ya mL 10. Mara 10: 1.18 mol/L. Mara 60.05: gramu 70.9 kwa lita. Siki ya 7.1°.

Darasa likagawanyika. Wengine wakasema mwenye kiwanda ametoa zaidi ya alichoahidi. Msichana mmoja wa nyuma, asiyesema sana, akauliza: "Nani alisema soda yetu ni 0.100?" Nikanyamaza kidogo. Sisi ndio tuliosema. Mizani ilisema gramu 4.00 za kitu kilichokuwa ndani ya mfuko, haikusema kitu hicho chote ni NaOH. Soda kostiki inakunywa unyevu wa hewa, ukiacha punje mezani zinalowa ukizitazama. Na inakula kaboni dioksidi inageuka kuwa kaboneti. Mfuko wetu ulikuwa umefunguliwa na kufungwa kwa kamba msimu mzima wa mvua.

Kwa hiyo tukarudi nyuma tuipime soda yenyewe, kwa kitu ambacho hakinywi maji wala hakibadiliki: asidi ya oksaliki, ile yenye fuwele na maji yake mawili, gramu 126.07 kwa moli. (Ni sumu. Haiguswi kwa mikono mitupu na haikai karibu na chakula.) Mizani tuliyoazima ni kama zile za wanunuzi wa dhahabu, inasoma hadi gramu 0.01. Kupima gramu nusu kwa mizani hiyo ni kukaribisha kosa la asilimia mbili, kwa hiyo tulipima nyingi tukajaza chombo kikubwa: gramu 5.04 katika lita 1. Inakuwa 0.0400 mol/L. Tukachukua mL 10, soda ikaingia 9.45.

Milimoli za oksaliki: 0.400. Hii nayo ni pikipiki ya tairi mbili, kwa hiyo soda ni milimoli 0.800.
0.800 ÷ 9.45 = 0.0847 mol/L.

Soda tuliyoiita 0.100 ilikuwa 0.0847. Rudini kwenye siki: 0.0847 × 11.80 = milimoli 0.999. Mara 10, mara 60.05, gramu 60.0 kwa lita. Digrii 6.0, kama kibandiko kilivyosema.

Ona jambo hili: zile dozaje tatu za kwanza zilikaribiana vizuri sana, na jibu lilikuwa limekosea kwa asilimia 18. Kukaribiana kwa namba kunaonyesha mkono wako umetulia. Hakuonyeshi kwamba chupa ina ukweli.

——

Mwanafunzi wa Goma: Mwalimu hukueleza maji ya ziwa. Na sisi hatuna oksaliki.

——

Mleta uzi: Kweli, nilikuahidi.

Maji ya Ziwa Kivu juu yake yana pH ya karibu 9. Yamebeba bikaboneti nyingi, karibu milimoli 13 kwa lita ukihesabu kila kinachoweza kula asidi. Ukiyatumia kutengeneza asidi ya 0.010 mol/L, ziwa litaila asidi yote na kubaki na njaa. Lakini ndiyo hayo hayo yanafaa kuwa zoezi la dozaje, na nyinyi mnayo mlangoni. Chukua mL 50 za maji ya ziwa, tia heliantini, mimina HCl ya 0.100 mol/L. Itaanza njano na kugeuka rangi ya chungwa karibu na mL 6.5. Utaona na vipovu vidogo: HCO₃⁻ + H⁺ → H₂O + CO₂. Safari hii asidi ndiyo iko kwenye bureti, na kionyeshi ni cha chini kwa sababu mwisho wake ni maji yenye kaboni dioksidi, yaani asidi kidogo. Manjano hayafai hapa. Kabla hujaanza, jaribu tone la fenolftaleini kwenye glasi nyingine ya maji ya ziwa uone waridi hafifu inavyojitokeza yenyewe. Watoto wanapiga kelele wakiiona, wameoga maji hayo maisha yao yote.

Kuhusu oksaliki: kama unayo HCl, ipime kwa kaboneti unayoioka mwenyewe. Bikaboneti ya sodiamu safi, ile ya mikate isiyochanganywa na kitu (siyo hamira ya unga), iweke kwenye sufuria kavu juu ya mbabula yenye makaa, koroga kama saa moja:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Gramu 10.0 zinashuka hadi 6.3. Pima, oka tena, pima tena. Uzito ukiacha kushuka, umepata kaboneti, gramu 106 kwa moli. Gramu 5.30 kwa lita ni 0.0500 mol/L, na kila moli inakula HCl mbili. Heliantini tena. Ukishaijua HCl, itumie kuijua soda. Mnyororo mzima unaanzia kwenye kitu kimoja ulichokipima kwa mizani na ambacho unakiamini.

——

Mama anayetengeneza sabuni, Bagira: Mwalimu, mimi sijasoma kemia, mtoto wangu ndiye ananisomea huu uzi. Mimi natengeneza sabuni ya mawese. Mara sabuni inatoka vizuri, mara inabaki na mafuta mafuta, na kipimo changu sikibadilishi. Nilidhani ni mawese. Hiyo soda inayokunywa maji, ndiyo yangu?

——

Mleta uzi: Mama, shikamoo. Inawezekana sana ndiyo hiyo, na uliposema kipimo hukibadilishi umenipa jibu.

Kilo moja ya mawese inahitaji karibu gramu 141 za soda kostiki safi ili mafuta yote yawe sabuni. Soda yetu ya darasani ilikuwa na nguvu ya asilimia 84.7 tu. Ukipima gramu 141 za soda ya namna hiyo, umetia kama gramu 119 za soda ya kweli, na mafuta ya zile 22 zilizokosekana yamebaki mafuta. Kwa soda hiyo ungehitaji 141 ÷ 0.847, yaani karibu gramu 166.

Lakini nakuomba usiongeze kwa kukisia, mama yangu. Mfuko mpya ukiwa na nguvu kamili na wewe umetia 166, sabuni itachoma mikono ya wateja wako na ya watoto. Wengi wanapunguza kidogo chini ya kipimo ili abaki salama anayeoga. Namba ya mfuko wako ndiyo tunayoitafuta, haitoki kwangu wala kwa jirani.

Fanya hivi. Ukinunua mfuko, siku hiyohiyo ugawe kwenye vyombo vya plastiki vyenye kifuniko cha kukaza, vidogo, ufungue kimoja kimoja. Usitumie aluminiamu, soda inaila. Na Jumamosi asubuhi nitakuwa labo na vijana. Mpe mtoto akuletee vijiko viwili: kimoja cha mfuko uliofunguliwa zamani, kingine cha mpya, kila kimoja kwenye kichupa chake kikavu, kimeandikwa jina juu. Glavu avae. Tutazipima zote mbili mbele yake, yeye ndiye atakayeshika koki ya bureti, na atarudi nyumbani na namba mbili kwenye karatasi.